Mtambo Usio na Nahodha Hujuaje Njia?

Gatete, katika eneo la Rumonge, ni nchi ya michikichi na ya maji. Upande wa mashariki milima ya Mumirwa imesimama kama ukuta. Upande wa magharibi Ziwa Tanganyika limetandazwa hadi chini ya milima ya Ubwari, katika Kongo. Kati ya ukuta huo na maji hayo upo ukanda mwembamba wa Imbo, wenye michikichi iliyopandwa safu kwa safu. Katika usiku wa giza taa za wavuvi wa ndagala huwaka ziwani kama mji ulioelea, na alfajiri mitumbwi hurejea, kila mmoja kwenye ufuko wake.

Baharia wa mwambao huu alizijua safari zake muda mrefu kabla ya simu na setilaiti. Alilitazama bonde fulani katika Mumirwa, akalilinganisha na kilele fulani cha Ubwari, akahesabu muda aliopiga kasia, akauhisi upepo shavuni, kisha akasema: “Tupo hapa.” Bila ya kwenda shule ya mabaharia, alikuwa amejibu maswali matatu: Nipo wapi? Naenda wapi? Nitafikaje?

Mwaka 1991 wataalamu wawili, John Leonard na Hugh Durrant-Whyte, waliandika kwamba maswali hayo hayo matatu ndiyo yanayobeba jambo zima la mitambo inayotembea yenyewe, yaani roboti. Askari yeyote aliyekwisha kupewa ramani na dira, akaachwa porini atafute njia ya kurudi kambini, atayatambua maswali hayo mara moja. Kwa hiyo makala hii haiwaletei wasomaji wetu wa jeshi na polisi jambo la kigeni kabisa. Inawaletea kazi yao wenyewe, ila safari hii mwenye kuifanya ni chuma.

MITAMBO IMEKWISHA KUFIKA KWA JIRANI

Wapo watakaodhani kwamba habari hizi ni za Marekani na Japani tu. La hasha! Mwezi Oktoba 2016, katika wilaya ya Muhanga nchini Rwanda, kampuni ya Kimarekani iitwayo Zipline ilianza kurusha ndege ndogo zisizo na rubani kupeleka damu hospitalini. Ndege hiyo hufyatuliwa angani mfano wa jiwe la manati, huenda kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa, huangusha mzigo wake kwa mwavuli, kisha hurudi kituoni bila kutua njiani. Mwaka 2018, katika Ziwa Victoria, ndege nyingine ya jamii hiyo ilijaribiwa kwa miezi sita kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe, Tanzania. Safari ya kilomita 60 ilichukua dakika 40 kwa wastani.

Mwezi Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Rwanda ilipokea roboti tano za magurudumu zilizopewa majina ya Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, majina ambayo Mrundi naye huyaelewa bila mkalimani. Kazi yake ilikuwa kupima joto la watu na kupeleka chakula na dawa kwa wagonjwa, ili wauguzi wasilazimike kuwakaribia mara kwa mara.

Hapa inafaa kutofautisha mitambo miwili ambayo watu huichanganya. Mwaka 1972 Luteni Kanali Peter Miller wa jeshi la Uingereza alibuni kigari cha kutegulia mabomu kwa ajili ya Ireland ya Kaskazini. Kigari hicho kiliokoa maisha ya wategua mabomu wengi, lakini hakikujua njia. Askari aliyekaa mbali ndiye aliyekiongoza kila hatua. Kigari cha namna hiyo ni mkono mrefu wa askari, wala si zaidi ya hapo. Roboti tunayoizungumzia hapa ni ile iambiwayo mahali pa kufika tu, kisha ikajitafutia njia yenyewe. Tofauti hiyo ni kama ile iliyopo baina ya askari anayeshikwa mkono na askari aliyepewa amri ya safari akaondoka peke yake usiku.

KUHESABU HATUA

Njia ya kwanza ya kujua ulipo ni kukumbuka ulikotoka. Kila kuruti hufundishwa kuhesabu hatua zake. Akijua kwamba hatua zake kadhaa hufanya mita 100, na akiishika pembe moja ya dira, aweza kutembea gizani na kusema yupo umbali gani kutoka alipoanzia. Roboti ya magurudumu hufanya vivyo hivyo. Kifaa kidogo kwenye mhimili wake huhesabu mizunguko ya gurudumu. Ikiwa mzingo wa gurudumu ni mita 1, mizunguko 100 ni mita 100. Gurudumu la kulia likizunguka zaidi kuliko la kushoto, roboti hujua kwamba imepinda kushoto, na kwa kiasi gani.

Njia hii ni rahisi, tena haihitaji msaada wa mtu wala wa nyota. Ubaya wake ni kwamba kosa halifutiki. Kila hatua huongeza kosa lake dogo juu ya makosa yaliyotangulia. Tuchukue mfano. Chombo kinachovuka maji kwa kilomita 30, kikiwa kimekosea pembe ya dira kwa nyuzi 1 tu, kitafika mita 520 hivi pembeni mwa shabaha yake. Kikikosea nyuzi 5, kitafika zaidi ya kilomita 2 na nusu pembeni. Na hapo hatujautaja upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi, ambao hulisukuma tumbo la mtumbwi kidogo kidogo, bila ya mpiga kasia kuona badiliko lolote mbele yake.

Mfano mkubwa wa hatari hiyo haukutokea duniani. Mwezi Aprili 2005 gari la Kimarekani liitwalo Opportunity, lililokuwa likitembea katika sayari ya Mirihi, lilizama kwenye tuta la mchanga laini. Magurudumu yaliendelea kuzunguka na hesabu ya mizunguko ikaendelea kupanda, lakini gari lilikuwa pale pale. Lingaliamini magurudumu yake peke yake, lingalidhani kwamba linakwenda mbele. Ilichukua mpaka mwezi Juni mwaka huo kulitoa. Baadaye magari ya Mirihi yalitegemea zaidi kulinganisha picha za kamera kabla na baada ya hatua: ikiwa jiwe lililokuwa mbele bado lipo umbali ule ule, basi hujasogea, hata kama miguu yako inapiga mbio.

Itaulizwa, kwa nini wataalamu hawakuliongoza gari hilo kwa mkono kutoka duniani? Jibu ni kwamba mawimbi ya redio kutoka Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika kwetu, kwa kutegemea sayari hizo mbili zimekaribiana au zimeachana. Atakayengoja amri kwa muda huo kila penye jiwe hatafika popote. Kamanda aliye mbali na kikosi chake analifahamu jambo hili vizuri: mawasiliano yakichelewa, mtu aliye mstari wa mbele ni lazima awe na akili yake mwenyewe.

ALAMA ZA ARDHI

Kwa kuwa kuhesabu hatua peke yake huishia katika upotevu, ni lazima msafiri atazame alama. Askari hupima pembe ya dira kuelekea kilele cha mlima, kisha pembe nyingine kuelekea mnara au mdomo wa mto. Huchora mistari miwili juu ya ramani, na pale inapokatana ndipo alipo. Roboti nayo hufanya hesabu hiyo hiyo, kwa macho ya namna nyingine.

Jicho moja ni kamera. Jingine ni lidari, chombo kinachotupa mionzi ya leza na kupima muda ambao mwanga hutumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya chombo hicho ni lazima iwe kali mno. Jicho la tatu ni sauti. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, na majini mita 1,500 hivi. Kwenye kina kikubwa kabisa cha Tanganyika, ambacho ni mita 1,470, mwangwi wa sauti iliyotumwa kutoka juu ya maji huchukua karibu sekunde 2 kwenda na kurudi. Mitambo ya chini ya maji hulitegemea sikio hilo, kwa sababu mwanga hufifia haraka na mawimbi ya setilaiti hayapenyi majini.

Ipo pia njia nyepesi kuliko zote, nayo ni kufuata kitu kimoja tu. Kati ya 1948 na 1949 Grey Walter, huko Bristol, Uingereza, alitengeneza vikobe viwili vya mitambo akaviita Elmer na Elsie. Havikuwa na ramani wala kumbukumbu ya safari, ila viliufuata mwanga na kukwepa vizuizi. Mvuvi wa Rumonge hatashangaa kusikia hayo, maana ndagala nao huufuata mwanga wa taa mpaka ndani ya wavu. Na hapo ndipo ulipo udhaifu wa kiumbe anayefuata alama moja bila ya kuuliza: mwenye taa ndiye anayeamua mwisho wa safari yake.

Tatizo jingine la alama ni kufanana. Ingiza roboti katikati ya shamba la michikichi la Gatete, uiulize ipo wapi. Mbele kuna mchikichi, nyuma mchikichi, kulia na kushoto michikichi, yote kwa umbali sawa. Kila safu huonekana kuwa ni ile iliyopita. Hata mtu mgeni hupotea humo, sembuse chuma.

Dawa iliyopatikana mwaka 1999, kwa kazi ya Dellaert, Fox, Burgard na Thrun, itawafurahisha ndugu zetu wa polisi, kwa sababu inafanana na upelelezi. Mpelelezi mwema hamkamati mtu wa kwanza. Huanza na orodha ndefu ya wanaoshukiwa, na kila ushahidi mpya huwapunguza. Roboti nayo hujiwekea maelfu ya dhana: “Huenda nipo safu ya 3, huenda safu ya 10, huenda safu ya 40.” Ikitembea na kukutana na mfereji, dhana zote zisizo na mfereji hufifia. Ikikutana na kibanda cha kukamulia mawese, zilizosalia hupungua tena, mpaka dhana zote zilizo hai zimekusanyika mahali pamoja. Hapo roboti hutamka kwamba imejua ilipo. Na jambo la kusifiwa ni kwamba, kabla ya hapo, yenyewe ilijua kwamba haijui.

MASHAHIDI WAWILI

Sasa tuseme hesabu ya hatua inasema hivi na alama ya mlima inasema vile. Tumwamini nani? Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, aliandika kanuni ya kulikata shauri hilo, na kanuni hiyo ilitumika hata katika vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Kiini chake ni hiki: usimtupe shahidi yeyote, bali mpe kila mmoja uzito kwa kadiri ya uaminifu wake.

Tutoe hesabu. Hatua zako zinasema upo mita 1,000 kutoka mtoni, na unajua kwamba hesabu hiyo yaweza kukosea kwa mita 40 hivi. Dira na kilima zinasema upo mita 1,060, na kosa lake ni mita 20 hivi. Mtu wa haraka atachukua nusu kwa nusu na kusema 1,030. Kanuni ya Kalman humpa shahidi wa pili uzito mara nne ya wa kwanza, kwa kuwa kosa lake ni nusu, na nusu ikizidishwa kwa nusu ni robo. Jibu linakuwa mita 1,048. Si hilo tu, bali shaka iliyobaki inashuka hadi mita 18 hivi, ndogo kuliko ya shahidi yeyote peke yake. Kumbe hata shahidi dhaifu, akisikilizwa kwa kipimo chake, anauongeza ukweli.

RAMANI INAYOCHORWA NJIANI

Mpaka hapa tumedhani kwamba ramani ipo. Je, ikiwa haipo? Mwambao huu una historia yake katika jambo hilo. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliambiwa kwamba unaingia, lakini hawakufika kuuona kwa macho. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaelekea kaskazini wakiufuata mwambao wa mashariki, ndio huu wa Rumonge, mpaka walipofika mdomoni mwa mto huo na kuthibitisha kwamba maji yanaingia. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, limebeba kumbukumbu ya kupita kwao. Safari ya namna hiyo, ya kuishika pwani upande mmoja bila ya kuiacha, wataalamu wa roboti nao wanayo. Wao huiita kufuata ukuta.

Roboti iingiayo mahali pasipo ramani ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuchora ramani, na kujua ipo wapi juu ya ramani hiyo hiyo ambayo haijakamilika. Kila moja inaihitaji mwenzake. Bila kujua ulipo huwezi kuchora sawasawa, na bila mchoro huwezi kujua ulipo. Wataalamu walihangaika na fundo hili tangu miaka ya 1980. Walichogundua ni kwamba makosa hayo mawili yamefungamana, hata ukilirekebisha moja, jingine hurekebika pia.

Kinachokata kiu katika kazi hii ni kurudi mahali unapopafahamu. Doria iliyozunguka siku nzima kwa kuhesabu hatua itakuwa imekusanya makosa mengi. Lakini ikirudi chini ya ule ule mwembe ilikoanzia, na ikautambua, hujua papo hapo jumla ya kosa lake. Na kosa hilo hugawanywa nyuma katika njia yote iliyopitwa, ramani yote ikanyooka. Hatari yake ni kuutambua mwembe usio wenyewe. Kosa moja la namna hiyo huipinda ramani nzima, kama ushahidi mmoja wa uongo unavyoipinda kesi nzima.

Hata ramani iliyochorwa vizuri huzeeka. Wakazi wa Rumonge hawahitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika makazi ya watu. Mahali palipoandikwa nchi kavu pakawa maji. Mtambo ambao ungeiamini ramani ya zamani kuliko macho yake ungetumbukia ziwani huku ukiamini kwamba upo barabarani. Kwa sababu hiyo roboti iliyoundwa vema huuliza kila mara kama inachokiona kinalingana na kilichoandikwa, na visipolingana huipunguzia ramani uzito.

KUCHAGUA NJIA

Kujua ulipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua pa kupita. Anayetoka Gatete kwenda Bujumbura aweza kuifuata barabara ya taifa namba 3 kando ya ziwa, au aweza kupanda milimani hadi Bururi na kuzunguka kwa njia ya Matana. Ya kwanza ni fupi, lakini mvua au ziwa likiikata, ya pili ndiyo inayofikisha. Mwaka 1959 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alichapisha kanuni ya kutafuta njia fupi kuliko zote katika mtandao wa barabara. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael waliiboresha huko California, walipokuwa wakiishughulikia roboti iliyoitwa Shakey, iliyojengwa kati ya 1966 na 1972.

Maboresho yao ni ya akili ya kawaida. Kwa kila njia panda, mtambo hujumlisha mambo mawili: umbali uliokwisha kutembewa, na makisio ya umbali uliobaki kwa mstari ulionyooka kama arukavyo ndege. Njia panda yenye jumla ndogo ndiyo inayochunguzwa kwanza. Kwa kuwa barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mruko wa ndege, makisio hayo hayatazidi ukweli, na njia itakayopatikana itakuwa fupi kuliko zote. Tena “umbali” si lazima uwe kilomita. Waweza kuwa muda, au mafuta, au hatari. Atakayeandika hatari kuwa sifuri atapewa njia fupi sana yenye maafa sana. Mtambo hufuata thamani ulizowekewa, hauna zake.

NYOTA ZILIZOTENGENEZWA NA WATU

Msomaji atauliza: kwa nini taabu yote hii, na simu ya mfukoni inaonyesha mahali? Ni kweli. Setilaiti za Marekani za kuongozea safari huzunguka kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na mtandao wake ulikamilika mwaka 1995. Urusi, Ulaya na China nazo zina mitandao yao. Kila setilaiti hutangaza saa yake. Mpokeaji hupima kuchelewa kwa tangazo hilo na kupata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kumwonyesha mahali, lakini saa ya mpokeaji ni hafifu, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Hivyo ya nne huhitajika ili kuisahihisha saa hiyo.

Lakini mawimbi hayo yakifika ardhini ni dhaifu mno. Hayapenyi majini, hayaingii vizuri ndani ya majengo, na katika mabonde yenye kuta kali hupungua. Zaidi ya hayo, adui aweza kuyazima kwa kelele za redio, au kutangaza ya uongo yanayofanana nayo. Vita vya Ukraina, tangu 2022, vimeyaonyesha mambo hayo mawili mbele ya dunia nzima. Jeshi lililosahau dira kwa sababu ya setilaiti limemkabidhi adui macho yake.

Wamarekani wenyewe walijifunza kwamba kujua mahali hakutoshi. Tarehe 13 Machi 2004 shirika la utafiti la wizara yao ya ulinzi, DARPA, lilishindanisha magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave, kwa zawadi ya dola milioni 1. Magari yalikuwa na setilaiti, leza na kompyuta. Lililokwenda mbali kuliko yote halikufika hata kilomita 12, na zawadi haikutolewa. Tarehe 8 Oktoba 2005 mashindano yalirudiwa, na magari matano yakamaliza kilomita 212. Mshindi lilikuwa gari la Chuo Kikuu cha Stanford liitwalo Stanley (jina hilo lisimchanganye msomaji na yule wa mtumbwi wa 1871), lililotumia muda usiofika saa 7. Magurudumu ya magari hayo hayakuwa siri ya ushindi. Stanley lilikuwa limefundishwa kutofautisha barabara na korongo kwa kulinganisha leza ya karibu na kamera ya mbali, na kupunguza mwendo pale liliposhuku.

DHAMANA NI YA NANI?

Ndugu askari, swali la mwisho si la ufundi. Chupa ya damu ikiangushwa mahali sipo, mgonjwa aweza kufa. Kigari kikipita shambani na kusema hakuna bomu, kumbe kimeruka safu moja, mkulima atakayelima hapo ndiye atakayelipa. Na mtambo wenye silaha ukikosea ulipo, au ukimdhania raia kuwa adui, hakuna mahakama itakayolifunga gereza lake juu ya chuma. Ndiyo maana mwezi Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza juu ya silaha zinazojiamulia zenyewe, likisisitiza kwamba sheria ya kimataifa inazihusu silaha hizo pia.

Mtambo waweza kubeba mzigo, waweza kubeba hatari, lakini hauwezi kubeba lawama. Lawama hubaki kwa aliyeutuma. Basi anayetaka kuutuma hana budi kujua unavyofikiri: kama unahesabu hatua tu au unatazama alama pia, kama ramani yake ni ya kabla ya maji kupanda, kama unaijua shaka yake yenyewe au unajigamba, na setilaiti zikinyamaza, unasimama au unaendelea kwa kubahatisha. Ofisa asiyeweza kuuliza maswali hayo ataamini kila nuru itakayowaka mbele yake, na ndagala wa Rumonge wameionyesha kila usiku njia hiyo inakoishia.

Kwa ajili hiyo somo la ramani na dira katika vyuo vyetu halijapitwa na wakati. Limeongezewa kazi. Zamani askari alijifunza ili asipotee yeye. Leo anajifunza pia ili autambue mtambo unapoanza kupotea, na aukatize kabla haujaleta msiba. Baharia wa Gatete aliyeulinganisha mlima na mlima, akauhisi upepo, na akakubali kusema “sijui, tungoje kupambazuke,” alikuwa na busara ile ile ambayo wataalamu wametumia miaka mingi kuitia ndani ya chuma. Kijana wa jeshi au wa polisi atakayeishika busara hiyo kwanza kichwani mwake ndiye atakayestahili kukabidhiwa mitambo hiyo.